Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Jinsi Pakiti za Data Zinavyoelekezwa kwenye Mitandao ya Ndani na Intaneti

Maswali haya hurudi tena na tena kutoka kwa wanafunzi wa mitandao, mafundi wanaoanza kazi, na watumiaji wa kawaida wanaotaka kuelewa kinachotokea kati ya kubofya kiungo na ukurasa kufunguka. Jambo moja linapita katika majibu yote, na ni vyema likatajwa mapema: hakuna kifaa chochote kwenye intaneti kinachoijua njia nzima ya pakiti, hatua kwa hatua, tangu inapotoka hadi inapofika. Kila kifaa huamua hatua inayofuata tu. Mwenye kulishika hilo vizuri atakuta mengi yaliyokuwa yakimtatiza yanaeleweka bila kukariri.

Pakiti ya data ni nini, na kwa nini data haitumwi kwa mkupuo mmoja?

Pakiti ni kipande kidogo cha data kilichofungwa pamoja na maelezo ya kukifikisha kinakokwenda. Picha, barua pepe, sauti ya mazungumzo au ukurasa wa tovuti hukatwa vipande, na kila kipande husafiri kivyake kikiwa na anwani yake. Wazo hili liliibuka katika miaka ya 1960 kwa watu wawili ambao kila mmoja alilifikia peke yake, Paul Baran nchini Marekani na Donald Davies nchini Uingereza, na Davies ndiye aliyekipa kipande hicho jina la pakiti. Kabla ya hapo mawasiliano ya mbali yalifuata mtindo wa simu, ambapo laini ilitengwa kwa ajili ya watu wawili tangu mazungumzo yalipoanza hadi yalipokwisha, hata kama wote wawili walikuwa wamenyamaza. Kompyuta huzungumza kwa muda mfupi kisha zikakaa kimya kwa muda mrefu, kwa hiyo kuzitengea laini nzima ni kuipoteza bure. Data ikiwa vipande vidogo, mawasiliano ya maelfu ya watu huchanganyika kwenye waya mmoja bila yeyote kumsubiri mwenzake amalize.

Kwenye mitandao mingi ya ndani pakiti moja haizidi baiti 1,500. Kila pakiti hutanguliwa na vichwa, yaani sehemu zenye maelezo ya kuifikisha, vinavyoandikwa kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) mbili: IP, inayoelekeza pakiti, na TCP, inayohakikisha data yote imefika. Ukiondoa baiti 20 za kichwa cha IP na baiti 20 za kichwa cha TCP, hubaki baiti 1,460 za data yenyewe, na kwa hesabu hiyo picha ya megabaiti 3 husafiri ikiwa imegawanywa katika pakiti zaidi ya 2,000.

Kichwa cha pakiti kina nini ndani yake?

Kina anwani ya IP ya mtumaji na ya mpokeaji, urefu wa pakiti, namba inayoonyesha itifaki iliyobebwa ndani, yaani kama ni TCP, UDP au nyingine, na hesabu ya kikomo cha safari ambayo tutaieleza mbele. Katika IPv4, iliyoandikwa rasmi mwaka 1981, kichwa huwa na baiti 20 au zaidi. Katika IPv6 huwa na baiti 40 daima. Jambo la kuzingatia ni kwamba ruta ya kawaida, yaani kifaa kinachohamisha pakiti kati ya mitandao, haihitaji kusoma data iliyobebwa. Inasoma kichwa, hasa anwani ya mpokeaji, na hicho kinatosha kwa kazi yake.

Kwa nini kifaa kimoja kina anwani mbili, ya IP na ya MAC?

Kwa sababu zinajibu maswali mawili tofauti. Anwani ya IP inasema pakiti inakwenda kwa nani hatimaye, hata kama ni upande wa pili wa dunia. Anwani ya MAC, yenye biti 48, inasema ni kifaa gani kwenye waya huu au kwenye mawimbi haya ya Wi-Fi kinachotakiwa kuipokea sasa hivi. Pakiti ya IP haisafiri uchi: hufungwa ndani ya fremu yenye anwani za MAC, na fremu hiyo huishia kwenye ruta ya kwanza. Ruta huifungua, hutoa pakiti, kisha huifunga ndani ya fremu mpya yenye anwani za MAC za hatua inayofuata. Pakiti iliyopita ruta kumi na mbili imevikwa fremu kumi na tatu, ilhali anwani ya IP ya mpokeaji kwa kawaida imebaki ileile kutoka ruta moja hadi nyingine.

Wanafunzi wengi hukwama hapa kwa sababu wamefundishwa anwani hizi mbili kama orodha ya kukariri. Ni afadhali kuchukua karatasi, kuchora ruta mbili kati ya kompyuta mbili, na kuandika anwani zote nne (MAC mbili na IP mbili) katika kila hatua. Zoezi hilo la dakika kumi hufanya kazi kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Kompyuta inajuaje kama mpokeaji yuko kwenye mtandao uleule au yuko nje?

Inafanya hesabu. Tuchukue laptop yenye anwani 192.168.1.23 na urefu wa mtandao /24. Namba 24 maana yake biti 24 za mwanzo za anwani, yaani 192.168.1, ni jina la mtandao, na biti 8 zilizobaki ni namba ya kifaa ndani ya mtandao huo. Laptop ikitaka kuzungumza na printa yenye 192.168.1.40, inalinganisha biti 24 za mwanzo, inakuta zinalingana, na inatambua kwamba printa ni jirani anayefikika moja kwa moja. Ikitaka kuzungumza na seva yenye 203.0.113.80, biti hazilingani, kwa hiyo inaikabidhi pakiti kwa lango la mtandao, ambalo kwa kawaida ni ruta ya nyumbani au ya ofisini.

Kosa dogo katika namba hiyo huleta hitilafu ngumu kuigundua. Laptop ileile ikiwekewa /16 badala ya /24, itadhani kila anwani inayoanza na 192.168 ni jirani yake. Ikitafuta seva ya ofisi yenye 192.168.5.10, ambayo kwa kweli iko nyuma ya ruta, haitapeleka pakiti kwenye lango bali itaita kwenye mtandao wake yenyewe, na hakuna atakayeitika. Wakati huohuo tovuti zote za nje zinafunguka vizuri. Fundi akiona hali hiyo, yaani nje kunafikika lakini tawi jirani halifikiki, aanze kwa kukagua urefu wa mtandao kabla ya kugusa kitu kingine.

Kompyuta inaipataje anwani ya MAC ya jirani yake?

Kwa IPv4 hutumia ARP, itifaki ya mwaka 1982. Laptop hutangaza kwa vifaa vyote vya mtandao wa ndani: nani mwenye 192.168.1.1? Mwenye anwani hiyo hujibu kwa kutaja anwani yake ya MAC, na laptop huihifadhi kwa muda ili isiulize tena kwa kila pakiti. Itifaki hii haina uthibitisho wowote. Kifaa chenye nia mbaya kinaweza kujibu kwa uongo kwamba lango ni chenyewe, na pakiti za wengine zikaanza kupitia kwake. Kwa sababu hiyo Wi-Fi ya mahali pa wazi haifai kuaminiwa kwa mawasiliano yasiyosimbwa.

Swichi na ruta zinatofautiana vipi?

Swichi huhamisha fremu ndani ya mtandao mmoja kwa kutazama anwani za MAC. Ruta huhamisha pakiti kati ya mitandao kwa kutazama anwani za IP. Kifaa cha nyumbani tunachokiita ruta kwa kawaida ni vitu vitatu ndani ya kasha moja, yaani ruta, swichi na kituo cha Wi-Fi, na huo mchanganyiko ndio chanzo cha watu kuvichanganya.

Swichi haihitaji kupangiwa chochote ili ianze kazi. Fremu inapoingia kwenye tundu la 3, swichi hutazama MAC ya mtumaji na kukumbuka kwamba kifaa hicho kiko tundu la 3. Ikipokea fremu ya mpokeaji isiyemjua, huitoa kwenye matundu yote isipokuwa lile ilikoingilia, na mpokeaji anapojibu, swichi inakuwa imejifunza na yeye yuko wapi.

Udhaifu wake mkubwa ni mzunguko. Fremu haina hesabu ya kikomo cha safari kama iliyo nayo pakiti ya IP, kwa hiyo swichi zikiunganishwa kwa duara, fremu ya tangazo huzunguka bila kukoma na kuzaliana hadi mtandao mzima unasimama. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi ambayo ilikuwa haina mawasiliano tangu asubuhi. Taa zote za swichi zilikuwa zikimetameta kwa pamoja kwa kasi isiyo ya kawaida. Chanzo kilikuwa kebo moja fupi. Mtu aliyekuwa akipanga meza aliona ncha yake ikining'inia akaichomeka kwenye tundu lililo wazi, bila kujua kwamba ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi ileile. Radia Perlman alibuni mwaka 1985 utaratibu unaoziwezesha swichi kugundua duara kama hilo na kufunga tundu mojawapo, lakini swichi nyingi za bei nafuu hazina utaratibu huo, na katika ofisi ile haukuwapo.

Pakiti ikifika kwenye ruta, ni nini hasa kinachotokea?

Tuifuate pakiti ya laptop yetu inayokwenda 203.0.113.80. Fremu inaingia, na ruta inakagua kwamba MAC ya mpokeaji ni yake na kwamba fremu haikuharibika njiani. Inaivua fremu na kuitupa. Inasoma anwani ya mpokeaji kwenye kichwa cha pakiti, inapunguza moja kutoka kwenye hesabu ya kikomo, kisha inatazama jedwali lake la njia. Kila mstari wa jedwali hilo una mambo mawili ya msingi: kundi la anwani, na mahali pa kupeleka pakiti za kundi hilo, yaani tundu la kutokea na anwani ya ruta inayofuata. Ikipata mstari unaofaa, inaifunga pakiti kwenye fremu mpya na kuitoa. Isipopata mstari wowote, inaitupa na kumtumia mtumaji taarifa kupitia itifaki ya ICMP kwamba mpokeaji hafikiki.

Baada ya hapo ruta inaisahau pakiti. Haiweki kumbukumbu ya kwamba ilipita, haisubiri jibu, na haijui kama ilifika. Ruta kubwa za watoa huduma hurudia kazi hii mamia ya mamilioni ya mara kwa sekunde moja kwa kutumia vichakataji vilivyoundwa kwa ajili hiyo peke yake.

Anwani moja ikilingana na mistari miwili ya jedwali, ruta huchagua upi?

Huchagua mstari mahususi zaidi, yaani wenye urefu mkubwa zaidi wa mtandao. Jedwali likiwa na 203.0.113.0/24 na pia 203.0.0.0/16, pakiti ya 203.0.113.80 itafuata ule wa /24. Mstari wa 0.0.0.0/0 unalingana na kila anwani, na kwa kuwa ndio wenye urefu mdogo kuliko yote, hutumika pale tu ambapo hakuna mwingine unaofaa. Ruta nyingi za nyumbani zina mstari huo mmoja kwa dunia yote ya nje: chochote kisicho changu, mpelekee mtoa huduma.

Kanuni hii inaonekana ndogo, lakini nguvu yake ilidhihirika tarehe 24 Februari 2008. YouTube ilikuwa ikiitangazia intaneti kundi la anwani 208.65.152.0/22, lenye anwani 1,024. Kampuni ya Pakistan Telecom, iliyotakiwa kuifungia tovuti hiyo ndani ya nchi, ilitangaza kipande chake, 208.65.153.0/24, na tangazo hilo likavuja kupitia mtoa huduma wake hadi nje. Ruta za dunia hazikuuliza nani ni mmiliki halali. Ziliona /24 ni mahususi kuliko /22, na zikaanza kupeleka pakiti za YouTube Pakistan, ambako zilitupwa. Kwa takriban saa mbili tovuti haikufikika katika sehemu kubwa ya dunia. YouTube ilijibu kwa kutumia kanuni ileile: ilitangaza na yenyewe /24, kisha /25 mbili, ili mistari yake ndiyo iwe mahususi zaidi. Tangu wakati huo umeenea utaratibu uitwao RPKI, unaomwezesha mwenye anwani kutia saini ya kidijitali inayosema ni nani anaruhusiwa kuzitangaza, na mtandao usiokagua saini hizo unawaweka hatarini hata majirani zake.

Ruta zinajifunzaje njia hizo?

Kwa njia tatu. Ya kwanza, ruta inaijua mitandao iliyochomekwa kwake moja kwa moja. Ya pili, msimamizi anaweza kuandika njia kwa mkono, jambo linalofaa kwenye mtandao mdogo na linalokuwa mzigo mara mtandao unapokua, kwa sababu njia ya mkono haibadiliki yenyewe kebo ikikatika. Ya tatu ni ruta kuambiana kwa kutumia itifaki za uelekezaji.

Ndani ya mtandao wa taasisi moja, itifaki ya zamani ni RIP, ambamo kila ruta humwambia jirani yake mitandao inayoijua na umbali wake kwa idadi ya ruta. RIP inahesabu hadi 15 tu. 16 kwake maana yake haifikiki. Kasoro yake ni kwamba haitofautishi waya mwembamba na mpana: ruta mbili za kasi ndogo huonekana bora kuliko tatu za kasi kubwa. OSPF, inayotumika zaidi leo, inafanya tofauti. Kila ruta hutangaza viunganishi vyake pamoja na gharama ya kila kimoja, matangazo husambaa kote, na kila ruta huishia kuwa na ramani kamili ya mtandao huo. Juu ya ramani hiyo hukokotoa njia zenye gharama ndogo kwa kanuni ya Edsger Dijkstra, iliyochapishwa mwaka 1959. Kiunganishi kikikatika, habari husambaa na hesabu hurudiwa, mara nyingi ndani ya sekunde chache.

Kwa nini basi intaneti nzima isitumie OSPF?

Kwa sababu mbili. Ukubwa ni ya kwanza: jedwali la njia za IPv4 la intaneti lina mistari zaidi ya laki tisa, na ramani ya kila waya duniani isingeweza kutunzwa na kila ruta. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Intaneti ni muungano wa makumi ya maelfu ya mitandao inayomilikiwa na watu tofauti, wengine washindani, na hakuna anayekubali kuonyesha ramani ya ndani ya mtandao wake au kubeba data za mwingine bure kwa sababu tu hesabu imesema njia yake ni fupi.

Kila mtandao kama huo huitwa mfumo huru na una namba yake. Baina yao hutumika BGP, ambayo rasimu yake ya kwanza iliandikwa mwaka 1989 na Kirk Lougheed na Yakov Rekhter kwenye leso za karatasi wakati wa chakula. Tangazo la BGP linasema: kundi hili la anwani linafikika kupitia kwangu, na mifumo huru ambayo tangazo limepitia ni hii na hii. Kwa orodha hiyo mpokeaji anaweza kukataa tangazo lenye namba yake mwenyewe, na hivyo kuepuka mzunguko. Tazama hata hivyo kinachokosekana: orodha inataja mitandao, haitaji ruta wala waya ulio ndani yake.

Uchaguzi wa njia katika BGP unaongozwa na sera kabla ya umbali. Mtoa huduma kwa kawaida hupendelea njia ya kupitia mteja anayemlipa, kisha ya mwenza wanayebadilishana data bila malipo, na mwisho ya mtoa huduma mkubwa ambaye yeye mwenyewe humlipa. Urefu wa orodha ya mifumo huru huangaliwa baada ya hayo. Ndiyo maana pakiti kati ya majengo mawili yanayotazamana inaweza kuvuka bahari na kurudi, ikiwa watoa huduma wa majengo hayo hawajaunganishwa karibu. Dawa yake inajulikana nayo ni vituo vya kubadilishana data, ambako mitandao mingi ya eneo moja huungana mahali pamoja, na kila kituo kinachojengwa hufupisha safari za pakiti kwa namna ambayo mtumiaji anaihisi.

Vifaa vingi vya nyumbani vinatumiaje anwani moja ya nje?

IPv4 ina anwani 4,294,967,296 tu, na akiba kuu ya dunia ilimalizika kugawiwa tarehe 3 Februari 2011. Tangu kabla ya hapo makundi matatu, 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16, yametengwa kwa matumizi ya ndani; mtu yeyote anaweza kuyatumia nyumbani kwake, lakini hayaelekezwi kwenye intaneti. Ruta ya nyumbani hufanya tafsiri iitwayo NAT. Laptop yetu inapotuma pakiti kutoka 192.168.1.23 kwa namba ya poti (namba inayotofautisha mawasiliano ya programu moja na nyingine) 51514, ruta hufuta anwani hiyo na kuandika yake ya nje, tuseme 198.51.100.7, pamoja na poti 40021, kisha huweka kumbukumbu ya mabadiliko hayo. Jibu likija kwa 198.51.100.7 poti 40021, ruta hutazama kumbukumbu, hurudisha anwani ya ndani, na laptop haijui kwamba lolote limetokea.

NAT ndiyo inayovunja kanuni tuliyoitaja kwamba anwani za IP hazibadiliki njiani, na ndiyo inayoifanya ruta kukumbuka jambo ambalo kwa asili yake ingelisahau. Matokeo yake ni kwamba aliye nje hawezi kuanzisha mawasiliano na kifaa cha ndani, kwa kuwa hakuna kumbukumbu ya kumwelekeza. Wengine huuchukua huo kuwa ulinzi. Unasaidia, lakini ukuta wa moto (firewall) ulioandikwa kwa makusudi ndio ulinzi wa kutegemewa.

Je, pakiti zote za ujumbe mmoja hupita njia moja?

Hazilazimiki. Kwa kawaida ruta zenye njia kadhaa zilizo sawa hugawa mzigo kwa muunganisho, ili pakiti za muunganisho mmoja zifuatane, lakini njia inaweza kubadilika katikati ya mazungumzo. Pakiti zikifika kwa mpangilio tofauti, TCP huzipanga upya kwa namba zake za mfuatano. Aidha, njia ya kwenda na ya kurudi mara nyingi hazifanani, kwa sababu kila upande hufuata sera zake.

Pakiti ikipotea njiani, nani anawajibika?

Kompyuta zilizo kwenye ncha mbili. Itifaki ya IP haitoi ahadi ya kufikisha. Sababu ya kawaida ya kupotea ni msongamano: pakiti zinaingia kwenye ruta kwa kasi kuliko zinavyoweza kutoka, foleni inajaa, na zinazofuata zinatupwa. TCP ya mtumaji ikiona hakuna uthibitisho wa kupokelewa, hutuma tena, na zaidi ya hapo hupunguza kasi yake.

Hilo la kupunguza kasi halikuwapo mwanzoni. Oktoba 1986, kiunganishi kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mahali pawili palipotengana kwa chini ya mita 400, kilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kila kompyuta ilipokosa jibu ilituma tena kwa nguvu ileile, na msongamano ukajilisha wenyewe. Van Jacobson alitengeneza kanuni za kuifanya TCP ianze polepole na kurudi nyuma inapokosa majibu, na misingi hiyo ingali inafanya kazi. UDP haina utaratibu huo. Inafaa kwa sauti na video za moja kwa moja, ambamo pakiti iliyochelewa haina thamani tena.

Hesabu ya kikomo cha safari ni ya nini?

Ni ya kuzuia pakiti kuzunguka milele pale majedwali ya ruta mbili yanapokinzana. Huanza mara nyingi na 64 au 128, haiwezi kuzidi 255, na kila ruta hupunguza moja. Ikifika sifuri pakiti hutupwa.

Pakiti ikiwa kubwa kuliko njia inavyoruhusu, inakuwaje?

Katika IPv4 ruta inaweza kuikata vipande, lakini kompyuta nyingi za leo huweka alama ya kukataza hilo. Ruta hulazimika kuitupa na kumjulisha mtumaji kwa ICMP ukubwa unaokubalika, naye hutuma ndogo zaidi. Wasimamizi wanaofunga ICMP yote kwa kudhani wanaimarisha usalama huvunja utaratibu huu: muunganisho unafunguka, ujumbe mdogo unapita, kisha ukurasa mkubwa unaganda bila maelezo. Huo ni uamuzi mbaya, na umewapotezea mafundi siku nyingi za kazi. Zuieni aina za ICMP zisizohitajika, na taarifa ya ukubwa wa pakiti iachwe ipite.

Je, DNS ni sehemu ya uelekezaji?

Hapana. DNS hubadilisha jina la tovuti kuwa anwani ya IP kabla pakiti ya kwanza kwenda kwenye tovuti hiyo haijatumwa. Hata hivyo vinategemeana, na tarehe 4 Oktoba 2021 ilionekana wazi. Kosa katika matengenezo lilikata mtandao wa ndani wa Facebook. Seva zake za DNS, zilipoona hazifikii vituo vya data, zikaondoa matangazo yake ya BGP. Seva zilikuwa zinafanya kazi, lakini dunia haikuwa na njia ya kuzifikia, na majina hayakutafsirika kwa takriban saa sita.

Kwa nini tovuti ya mbali huchelewa hata kama kasi niliyolipia ni kubwa?

Kwa sababu kasi inayolipiwa ni wingi wa data kwa sekunde, wala haihusu muda wa safari. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kebo ya kilomita 10,000 inachukua milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, na hakuna kifurushi kitakachopunguza hilo. Kinachosaidia ni kuweka nakala za maudhui karibu na watumiaji.

IPv6 inabadilisha nini?

Kanuni za msingi zinabaki: kila ruta inaamua hatua moja, na mstari mahususi zaidi unashinda. Anwani zina biti 128, kwa hiyo NAT haihitajiki kwa sababu ya uhaba; nafasi ya ARP inachukuliwa na utaratibu wa kutambua majirani unaotumia ICMP; na ruta za njiani haziruhusiwi kuikata pakiti.

Ninawezaje kuiona njia ya pakiti zangu?

Kwa programu iitwayo traceroute, ambayo kwenye Windows huitwa tracert. Inatumia hesabu ya kikomo kwa ustadi. Hutuma pakiti yenye kikomo 1. Ruta ya kwanza huifikisha sifuri, huitupa, na kutuma taarifa yenye anwani yake. Kisha hutuma yenye kikomo 2, ruta ya pili ikajitambulisha, na kuendelea hadi mwisho. Kwa kuwa hakuna ruta inayoijua njia nzima, programu inalazimika kuiuliza moja baada ya nyingine.

Usomaji wake unahitaji uangalifu. Muda ulioandikwa ni wa kwenda na kurudi, na njia ya kurudi huenda ni tofauti kabisa. Ruta ya katikati ikionyesha milisekunde 180 huku zinazofuata zikionyesha 40, haina maana kwamba pakiti zinachelewa hapo. Ruta hiyo inatanguliza kupitisha pakiti za watu na kujibu maswali yako baadaye. Nyota katikati ya orodha, ikifuatiwa na mistari inayojibu, ni ruta iliyokatazwa kujibu. Fundi atafute mahali ambapo ucheleweshaji unaanza na kuendelea hadi mstari wa mwisho, au ambapo nyota zinaanza na mpokeaji mwenyewe hajibu kwa njia nyingine yoyote, kisha aifanye traceroute nyingine kutoka upande wa pili kabla ya kumpigia mtoa huduma.